Uso wa Mwenye Joho

Wako watakaosema bibi huyu amezeeka, anachanganya ndoto na mambo ya mchana. Sawa, waseme. Lakini haya hayakutokea ndotoni, wala hayakutokea usiku. Yalitokea asubuhi, jua likiwa limeshakausha umande, na mimi nilikuwa na akili zangu timamu. Nimeyasimulia hata mbele ya wazee wa kanisa. Basi na wewe nisikilize, ukimaliza uamue mwenyewe.

Wakati huo Wajerumani walikuwa wameshajenga boma lao kule milimani, na vijana wetu walikuwa wakibebeshwa mizigo kila kukicha. Mimi nilikuwa nimeolewa Ngonga, kwa kijana aitwaye Ambakisye. Baba yake, yaani baba mkwe wangu, alikuwa mtu wa mavazi. Ujanani alifuatana na misafara ya pembe hadi pwani, akakaa huko mpaka watu wakamsahau, kisha akarudi na kasha. Humo mlikuwa na joho jeusi lililotariziwa nyuzi za dhahabu shingoni na kifuani, tarabushi nyekundu, mwavuli wa hariri, na viatu vya ngozi vilivyolia kila alipokanyaga. Palipokuwa na msiba, watu wakicheza ngoma za maombolezo, yeye alifika na joho lake na wengine wote wakaonekana kama wamejifunga majani. Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwona.

Unashangaa? Basi wewe si wa kwetu. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe. Hapiti alipo, hamsalimii, jina lake halitaji. Akimsikia anakuja, anashuka njiani, anaingia majanini na kuinama mpaka apite. Anayevunja mwiko huo, tuliambiwa, tumbo lake hufunga, hazai tena. Kwa hiyo muda wote niliokaa kwenye mji wake nilimjua kwa viatu tu. Viatu vikilia, mimi niko migombani, uso chini. Nilichowahi kuona ni visigino na pindo la joho.

Akaja kufa kwa kifua, wakati wa masika. Ndugu walimzika kwa nguo nyingi, kila mmoja akileta yake kama ilivyo desturi, lakini kasha halikufunguliwa. Likaja kwa mume wangu, na mume wangu alikuwa mfupi. Alipolijaribu joho lilimmeza, tukacheka mpaka tukakumbuka kwamba tuna msiba. Kwenye viatu miguu yake iliogelea. Tena alikuwa ameanza kwenda misheni kujifunza kusoma, akasema hataki kuonekana kama mtu wa pwani. Kasha likabaki kuwa la panya.

Sasa sikia shida yangu. Sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe wetu wote. Mwanangu wa kwanza, wa kiume, alikuwa hajaota meno, na maziwa yangu yakakauka. Nilimpa uji wa ndizi, akautapika. Alikuwa anapungua mikononi mwangu huku nikimwona. Nilitaka ng'ombe mmoja tu wa kukamua, na kitu pekee cha thamani nyumbani kilikuwa ndani ya kasha lile.

Lakini joho ukaliuze wapi? Mume wangu alisema Mwaya, bandarini, kwa mwenye duka mmoja aliyetoka pwani. Ni vitu vya kwao, atajua thamani yake. Mama mkwe alisema heri ufukweni kwa Wakisi, wale wafinyanzi, tubadilishe kwa vyungu, vyungu tubadilishe kwa nafaka, nafaka tubadilishe kwa ndama, na ndama akue. Nikamuuliza mtoto atamsubiri ndama huyo mpaka lini. Shemeji yangu akasema peleka misheni. Misheni walifanyie nini joho la dhahabu, wamvike nani? Mwisho tukakubaliana Mwaya. Mume wangu alikuwa ameitwa tena kubeba mizigo, kwa hiyo nilikwenda mwenyewe, mtoto mgongoni na vitu vyote vya kasha kwenye furushi kichwani.

Pale njia inapogawanyika, moja ikiteremka Mwaya na nyingine ikielekea Ngana, alikuwapo mzee ameketi juu ya gogo. Alikuwa pekupeku, amejifunga kitambaa chakavu kiunoni. Mrefu, pua imelala upande kidogo, sikio la kushoto lina pengo. Nilimtazama vizuri, na kwa nini nisimtazame? Mzee wa njiani si mkwe wangu.

"Mugonile, tata," nikamsalimu nikipiga goti, maana kwetu kila mzee ni tata, ni baba.

"Ndaga, mwanangu," akajibu kwa sauti ya chini. "Unakwenda kuuza."

Hakuuliza, alisema tu. Nikamweleza kwamba nakwenda Mwaya. Akatikisa kichwa.

"Mwaya wanapanga nguo kama wewe unavyopanga kuni. Yule mwenye duka atalipindua joho upande wa ndani, atatafuta tundu la mende, halafu atakupa shanga. Mtoto wako anakunywa shanga?"

"Hapana, tata."

"Basi nenda Ngana, kwa malafyale." Malafyale ni chifu. "Ng'ombe wake walikuwa wamefichwa milimani sotoka ilipopita. Na joho hili amelitamani tangu alipoliona kwenye msiba wa baba yake. Usimwombe. Likunjue mbele ya wake zake, walitazame, kisha anza kulikunja."

Nilicheka. Niamini, nilicheka naye kama mtu wa nyumbani. Nikabishana naye pia: mume wangu amesema Mwaya, nitamjibu nini? Akasema nimjibu kwamba nimekutana na mtu anayelijua joho. Kisha akaomba kumwona mtoto. Nikamfungua mgongoni. Mzee alimtazama muda mrefu bila kumgusa, na macho yake yakalowa, nikadhani labda naye aliwahi kufiwa na mjukuu. Baada ya hapo akaomba alivae joho mara moja tu, anionyeshe linavyokaa, ili nijue kulisifu nikifika.

Lilimkaa. Halikuburuta wala halikubana, na ile dhahabu ikatulia kifuani. Nikawaza, kumbe hivi ndivyo lilivyotakiwa kukaa. Hata hapo sikuelewa. Niulize, nilikuwa na macho ya kazi gani? Akaingiza miguu kwenye viatu, akapiga hatua.

Vikalia.

Mwili wangu ulijua kabla yangu. Nilijikuta majanini, nimemkumbatia mtoto, uso chini, magoti yamejikunja yenyewe kama yalivyozoea. Ndipo akili nayo ikafika. Nimemtazama usoni. Nimemwita tata, nimebishana naye, nimecheka mbele yake meno nje. Niliogopa kweli kweli. Sikumwogopa yeye, maana alikuwa mpole. Niliogopea tumbo langu.

Viatu vilinipita taratibu, vikaelekea Ngonga, nyumbani, mpaka sikuvisikia tena. Nilipoinua kichwa, joho lilikuwa juu ya gogo, limekunjwa vizuri kuliko nilivyolikunja mimi, tarabushi na mwavuli juu yake. Viatu havikuwapo, na hatujaviona hadi leo.

Ningeweza kurudi. Nilikaa pale nikifikiria kurudi. Kisha mtoto akalia, kile kilio chembamba cha mtoto asiye na nguvu, nikanyanyuka na kushika njia ya Ngana.

Mambo yakawa kama alivyosema. Wake wa malafyale walisogea karibu nilipolikunjua, na nilipoanza kulikunja, mwenyewe akasema, "Ngoja, mama, una haraka gani?" Nikatoka na ng'ombe mwenye ndama. Mtoto alikunywa maziwa siku hiyo hiyo, tukiwa bado njiani, akalala bila kulia.

Mume wangu aliporudi nilimweleza yote. Aliniuliza mzee alikuwa na sura gani. Nilipofika kwenye pua na sikio, aliweka chini ndizi aliyokuwa anakula.

"Nani amekwambia habari ya sikio?" akauliza.

"Hakuna. Nimeliona."

Akatoka nje, akakaa huko mpaka giza likaingia. Kesho yake mama mkwe alinipeleka kaburini, nikasimama nimelipa mgongo, naye akaniombea msamaha. Alisema maneno mengi. Aliyeombwa hakujibu.

Sikuzaa tena. Mganga wa misheni alikuwa na maelezo yake, nami nikayasikiliza kwa adabu. Nililia kwa miaka, sikufichi, hasa nilipowaona wenzangu na watoto wa mgongoni. Lakini huyo mmoja aliishi. Leo ana mvi. Ni mrefu, pua imelala upande, na ana viatu vya ngozi alivyonunua mwenyewe, navyo vinalia. Nikivisikia vinakuja, magoti yangu bado yanataka kukunjika. "Mama, ni mimi," ananiambia, na anacheka. Najua ni yeye. Lakini uso ule niliuona kabla yake.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuuza nguo za marehemu, usihangaike tu kuuliza ziuzwe wapi. Uliza kwanza mwenye nguo alikuwa na sura gani: urefu wake, pua yake, masikio yake. Mumeo akiona aibu kukueleza, mkazanie, ili ukikutana na mwenyewe njiani ujue pa kuelekeza macho. Mke wa mjukuu wangu hajawahi kumwona mwanangu, maana ndiye baba mkwe wake. Viatu vikilia, yeye yuko migombani. Namweleza uso ule kila tukikaa kupepeta mchele. Anaziba masikio, anasema, "Bibi, nyamaza, ni mwiko." Namweleza hivyo hivyo. Mwanangu anazeeka, viatu vyake ni vizuri, na siku moja mtu atamtuma binti huyu kwenda kuviuza.