Niliandika "Hapana" Kwenye Fishi ya Dada Yangu

Nimekosa, ndugu zangu. Nimekosa kwa mkono wangu wa kuume, kwa kalamu ya biki ya bluu, kwa mwandiko mzuri ambao mwalimu aliusifu mbele ya darasa zima. Ninawaandikia nikiwa nimesimama, maana siku hizi kukaa nimeshindwa. Nikikaa tu, namsikia dada yangu chumba cha pili akihangaika kufunga kikwembe kwa mkono mmoja, na ninaruka kama niliyekalia siafu.

Jina langu liacheni. Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, wa upande wa Mweso. Nilisoma masomo ya mangaribi, ya jioni, pamoja na watu wazima wenzangu, taa moja kwa vichwa thelathini. Siku nilipopata diploma niliitundika juu kuliko picha ya Bikira Maria, mpaka padri alipokuja kubariki nyumba akauliza humu ndani tunamwomba nani! Toka hapo hakuna karatasi ya Kifaransa iliyopita kwetu bila kupita kwangu. Barua za uchumba, za shule, maandishi ya munganga wa hospitali, yote mimi. Nilisoma mbio kuliko pikipiki.

Dada yangu mkubwa, tumwite Riziki, hakuingia shule hata siku moja. Alikuwa analima Walikale mpaka vita ikamfukuza. Na katika kukimbia, alirudi nyuma. Munajua kwa nini? Sufuria ya maharage! Yalikuwa yameiva, akaona hawezi kuwaachia askari. Bomu likaanguka nyuma ya jiko. Kipande cha chuma, kidogo kama mbegu ya boga, kikamwingia karibu na kwapa la kushoto, kikabaki humo. Kidonda kilifunga chenyewe. Alifika kwangu baada ya siku nne kwa mguu, sufuria kichwani, na ninawaapia maharage yalikuwa bado yanatoa moshi!

Sasa muelewe jambo hili, maana kosa langu lilitokea humo. Kwetu, mtu mwenye chuma mwilini hasemi. Kwenye bariere, pale askari wanapofunga njia, wanakuvua shati, wanatafuta kovu. Wakiliona, wewe ni mpiganaji, ao bibi ya mpiganaji. Jirani yetu alishushwa kwenye lori kwa sababu ya kovu la mguu, na mke wake anamngoja hata leo. Kwa hiyo tulijifunza. "Uko na kitu mu mwili?" "Hapana, kaka." Mbio mbio, bila kumeza mate.

Halafu dada akapata kivimbe kwenye titi, upande ule ule wa kushoto.

Munganga wa kwetu alikigusa, akakipima na ekografi, ile mashine ndogo ya kupitisha juu ya ngozi, akakunja uso.

"Mama, kuna kivimbe chenye kukaa pahali pake, na kuna chenye kutembea mu mwili. Hiki siwezi kuapa iko cha namna gani. Muende ngambo ya mupaka, kule iko mashine ya IRM."

Akatueleza. Wanakutia dawa kwenye mshipa, mashine inapiga picha za ndani. Kivimbe chenye kingo laini, kinachokunywa ile dawa polepole, mara nyingi hakina shida. Chenye kingo za kuchanika-chanika, kinachoinywa mbio na kuitema mbio, hicho ndicho wanakiogopa.

Dada aliuliza swali moja tu. "Na kama kinatembea, kilishafika wapi?"

Munganga akaandika barua ya kutupeleka kule, akanikabidhi.

Mama yangu weh! Tangu siku hiyo aliyetembea ni mimi. Wiki tatu nzima! Asubuhi tunasikia njia ya Sake imefungwa, nafungua mizigo. Jioni tunasikia imefunguliwa, naifunga tena. Nilifagia uwanja mpaka mawe yakaanza kung'aa. Na kila niliyekutana naye nilimwambia dada yangu anakwenda kuingia kwenye mashine kubwa kama kanisa, na kwamba mimi njo nitamwingiza. Mweso yote ilijua.

Mama Masika, mwenye duka la sabuni na chumvi, mtu wa Butembo, alitupa nafasi kwenye lori lake. Njiani akatuambia:

"Ile mashine naijua ya kusikia. Kaka yangu walimurudisha mulangoni. Iko na vis, musumari ya kuzungusha, mu mufupa wa mguu. Walisema mutu wa chuma haingie."

"Walimurudisha kabisa?"

"Kabisa! Na njia yote ile alitembea!"

Dada akanitazama. Nikamkonyeza. Kichwani nilishakata shauri, kama mtu anayejipanga kwa bariere iliyo mbele.

Tukafika. Kwenye ukuta wa hospitali kulikuwa na tangazo lenye picha ya sumaku. Jamani, sumaku naijua! Somo hilo nilipata tisa juu ya kumi! Nikaanza kuwafundisha wagonjwa wote wa kwenye benchi: hii mashine ni sumaku, tena sumaku yenye nguvu ya kuvuta lori! Wakashangaa. Mmoja akaniuliza kama mimi ni daktari. Sikukataa haraka.

Wakaleta fishi, karatasi ya maswali ya kujaza. Nikaichukua mbele ya benchi lile lote. Swali la sita: je, mgonjwa ana chuma mwilini, risasi, kipande cha bomu? Chini yake mistari ya herufi ndogo inaeleza kwa nini wanauliza. Sikuisoma. Watu walikuwa wananitazama nikisoma mbio! Nikashuka na karatasi hiyo kama cherehani: hapana, hapana, hapana.

"Wanauliza nini pale?" dada akasema.

"Mambo ya kawaida. Kama uko na chuma."

"Na umesema?"

"Nimesema ile tunasemaka."

Kisha akasema polepole, "Lakini hawa hawana bunduki."

"Nyamaza, dada! Utatufukuzisha!"

Yeye asiyejua hata herufi moja aliona. Mimi wa tisa juu ya kumi, niliyetoka kuhubiri sumaku, nilisikia swali la bariere.

Wakamlaza kifudifudi, matiti yakiingia kwenye matundu mawili ya kitanda. Wakampa mpira wa kufinya kama akisumbuka. Kabla hawajanitoa nikainama sikioni mwake: "Usifinye. Ukifinya, nafasi yako inaenda kwa mwingine." Hilo pia nililisema mimi!

Nikatoka nikaanza kupima korido kwa miguu. Kwenda, kurudi. Kwenda, kurudi. Ndani kulikuwa na kelele kama za mtu anayegonga mabati. Baadaye dada alinieleza kwamba kile kipande kiliamka mara moja, kikageuka, kikavuta, kikapata moto kama kaa la jiko. Alivumilia kwa sababu nilimwambia avumilie. Mwishoni akafinya.

Fundi wa mashine akakimbia, akamtoa. Dada alikuwa ameshika kwapa, jasho linadondoka.

"Mama, iko chuma mu mwili?"

Dada alinitazama mimi.

Na mimi, ndugu zangu, mbele ya maumivu yale, nikasema, "Hapana, dokta. Hakuna." Mdomo ulitangulia kichwa. Hata mate sikumeza.

Wakampiga picha ya kawaida, ile ya mifupa. Kilionekana wazi, cheupe kama jino, kimejigeuza kwenye mshipa wa fahamu wa mkono. Picha za titi zilikuwa zimeharibika zote. Ikabidi wampasue wakitoe. Kabla ya kupasuliwa wakaleta karatasi nyingine, na dada akaninyooshea yeye mwenyewe.

"Soma yote," akasema. "Hata zile ndogo ndogo."

Nikasoma kwa sauti, neno kwa neno, nikifuata kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kila swali alijibu yeye.

Kivimbe wakakichoma na sindano, wakachukua kipande kidogo cha kupima. Siku tisa za kungoja! Nilikonda mpaka pete ikaanguka kidoleni. Siku ya tisa munganga wa hospitali ile akatuita.

"Mama Riziki, kivimbe chako kinakaa pahali pake. Si kansa. Hata kukitoa si lazima."

Nikapiga vigelegele, nikacheza humo ofisini. Dada akangoja nimalize.

"Titi liko salama," akamwambia munganga. "Na mukono?"

Mkono haupandi tena kupita kiuno. Vidole viwili havisikii moto wala baridi. Munganga akanigeukia, bila ukali, na hiyo ndiyo ilinimaliza. "Mungesema kweli, tungeacha ile mashine, tungeshika sindano siku ile ile."

Basi ndivyo ilivyo. Kitu tulichokiogopa hakikumfanya dada yangu kitu. Miye njo nilimufanya. Jembe hawezi tena, mtwangio hawezi. Maji namchotea, kichwa namsuka, na ananishukuru, jamani! Afadhali angenitukana.

Tulipokuwa tunarudi tulisimamishwa kwenye bariere. Ndani ya mzigo wa dada kulikuwa na kichupa chenye kile chuma, alichopewa hospitalini. Askari akakiinua juu.

"Hii iko nini?"

Nilikuwa na uongo tayari, mzuri, wenye hata jina la dawa. Dada akanitangulia.

"Ni kipande ya bomu. Wamekitoa mu mwili wangu. Nilikuwa narudia maharage."

Askari akakitingisha kichupa, akamtazama.

"Na maharage uliyapata?"

"Niliyapata."

Akamrudishia.

Siwafundishi cha kujibu kwenye bariere. Kule kila mtu anajua roho yake, na siku nyingine tungekutana na askari mwingine. Lakini hospitali si bariere! Munganga akikuuliza kama una chuma, mwambie, hata kama ni kidogo kama mbegu, hata kama atakurudisha nyumbani. Kuna njia nyingine ya kupima, na atakuonyesha.

Na nyinyi wenzangu mnaowasomea watu karatasi zao, someni herufi ndogo. Na yule asiyejua kusoma, aliyekaa karibu nanyi, akisema kwa sauti ya chini kwamba hawa hawana bunduki, wekeni biki chini, mumsikilize.