Shuka la Sista

"Baba, hebu sogeza kiti, unanizibia kamba," mke wa mwanangu ananiambia, na shuka bichi lenye harufu ya sabuni ya mche linanipiga usoni.

Kwetu Ibaba, nikiwa mtoto, mila ilimkataza mama yangu kuonana na baba mkwe wake, yaani babu yangu. Sista mwalimu, Mzungu, alimfundisha dini miaka miwili. Siku ya ubatizo babu akaja kanisani, mama akachomoka mbio akajificha migombani. Sista akamfuata.

"Nimemwacha mama yangu ng'ambo ya bahari," alifoka, gauni limejaa tope, "nije huku kumsaka mtu anayemkimbia mkwe!"

"Sista, sitoki," mama akamjibu.

Sista akaondoka amefura. Akarudi na shuka la kitandani kwake, akanishikisha pembe moja, nyingine akashika mwenyewe, tukamkinga mama hadi kanisani. Padre akammwagia maji. Sista alinung'unika kwa lugha ya kwao muda wote, akibadilisha mkono wa kushikia pembe yake.

Upande wa pili wa shuka, babu akaninong'oneza: "Mwambie mkwe wangu asali upesi. Mama wa watu anachoka kushika shuka."