Nduru za Kosele

Juzi, katika mji wa makauboi magharibi mwa Marekani, fahali alimrusha mtu vumbini na uwanja mzima ukapiga mayowe ya furaha.

"Piga makofi, Baba!" mwanangu akaniambia. Sikuweza.

Alasiri ile ya utotoni mwangu, kijijini kwetu Kosele, ilinukia vitunguu vikikaangwa, kwani wakwe walikuwa wanaleta ng'ombe wa mahari ya shangazi. Niliposikia wanawake wakipiga nduru, nilidhani ni vigelegele. Nikakimbilia zizini, nikakuta wanaume nisiowajua wakiswaga ng'ombe, nikawapigia makofi. Sikujiuliza mbona ng'ombe walikuwa wanatoka badala ya kuingia.

"Rudi ndani!" Baba akafoka, akiwakabili wezi wale kwa rungu. Panga likamshukia shingoni.

Damu yake iliponirukia, nilikuwa bado napiga makofi.