Sefu Lililomeza Cheti

Shemeji yangu ni seremala. Mtaani wanamwita Randa, na kosa lake ni moja: hawezi kupita penye mlango unaokwaruza akanyamaza. Ataweka chini alichobeba, atachuchumaa, atakodolea bawaba jicho moja. Nimewahi kwenda naye kumjulia hali mgonjwa, tukaishia kumsubirisha mgonjwa mwenyewe, maana mlango wa choo ulikuwa umeng'olewa na haja imembana.

Alitengeneza milango miaka thelathini na moja. Kisha ikaja ile ya kiwandani, myepesi kama kifuniko cha boksi, wateja wakayeyuka, na karakana ikageuka banda la kuku wa jirani. Mimi nauza vitu vilivyokwishatumika, najua kitu kikikosa mnunuzi kinavyokaa: kimya, kwenye kona. Shemeji alikaa hivyo mwaka mzima, mpaka chuo cha ufundi kikamwita kwenye usaili wa kazi ya ualimu. Afike saa nane mchana, tena na cheti chake halisi. Nakala hawataki kuiona.

Cheti kilikuwa ndani ya sefu nililomuuzia mimi. Sefu la chuma, la ufunguo, kimo cha stuli, zito kama wageni wawili wasiotaka kuondoka.

Asubuhi ya usaili dada yangu akanipigia simu.

"Mdogo wangu, njoo. Sefu lako limemeza cheti."

"Langu tangu lini? Nilishaliuza."

"Njoo, nimesema!"

Nikamkuta shemeji amevaa suti, magoti yamejaa vumbi, bisbisi mkononi. Dada amesimama juu yake, mikono kiunoni.

"Alilifungua tangu saa mbili," akaniambia. "Akasikia mlango unakwaruza. Kidogo tu! Badala ya kuchukua cheti, bwana huyu akaenda kuchukua bisbisi."

"Bawaba ya chini ililegea, shem," akajitetea. "Ningekaaje kwenye usaili huku najua?"

Alikuwa amefungua bamba la nyuma ya mlango, akakaza bawaba, akarudisha bamba harakaharaka. Mpaka hapo sina neno. Kisha akafanya kile ambacho mkono wake umefanya miaka thelathini na moja kila akimaliza kazi: akaufunga mlango aone unavyokaa, akazungusha ufunguo. Ufunguo ukafika nusu, ukagoma. Mbele hauendi, nyuma haurudi.

"Ila haukwaruzi tena," akasema.

"Mume wangu, usinijaribu leo."

Nikamshika mkono shemeji, tukaenda kwa fundi kufuli, mtaa wa pili. Tulimkuta anafungua kibanda chake kwa kuunyanyua mlango kwa mikono miwili na kuusukuma kwa goti. Nikamwona shemeji anaanza kuchuchumaa. Nikamvuta koti.

"Sefu?" fundi kufuli akasema. "Nakuja na grainda. Nalikata ubavuni, limekwisha."

"Grainda inatoa cheche," nikamkatiza. "Ndani mna karatasi, siyo misumari."

"Basi kulifungua bila kukata ni kazi ya siku nzima, mama, na bei yake ni ya siku nzima."

"Hatuna siku nzima, na bei hiyo sitaisikia," nikamwambia. "Lakini wewe una mlango unaoubeba kama mgonjwa kila asubuhi. Huyu hapa ndiye Randa. Fungua chetu bila kukata, naye aunyooshe wako."

Akamtazama shemeji. "Randa yule wa milango ya mninga?"

"Bawaba zako zimefungwa juu chini," shemeji akasema. Hakuweza kujizuia.

Fundi akacheka, akachukua begi lake.

Alipofika nyumbani hakuligusa sefu. Aliuliza swali moja. "Ulifungua skrubu ngapi?"

"Nne."

"Ulirudisha ngapi?"

Shemeji akafikiri. Akatia mkono mfukoni, akatoa moja. "Hii ilibaki. Mbili nilizikaza."

"Ya nne imo ndani ya mlango, imekaa njiani mwa komeo. Leteni godoro."

Tukaliviringisha sefu juu ya godoro, watu wanne, mgongo wangu nausikia hadi leo. Tukaligeuza kichwa chini. Fundi akagonga mlango kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, akagonga tena. Tukasikia *tik*. Akazungusha ufunguo taratibu, ukarudi wote.

"Mlango wa mbao unaufunga ndipo unaujaribu," akamwambia shemeji, bila dharau. "Huu unazungusha ufunguo ungali wazi, mara tatu, makomeo yatoke na kurudi mbele ya macho yako. Ndipo unaufunga."

Shemeji akalirudia hilo kimoyomoyo kama mwanafunzi. Dada akanyakua cheti, akakibana kwapani, asimpe mpaka walipofika getini mwa chuo. Walifika saa nane kasoro dakika sita.

Mkuu wa chuo alimuuliza nini atawafundisha vijana siku ya kwanza. Shemeji akaeleza mkasa wote, skrubu, godoro na vumbi la magotini ambalo walikuwa wakiliona. Walicheka, kisha wakamwambia aanze Jumatatu.

Sasa ana wanafunzi kumi na tisa, na kuku wa jirani wamehamishwa kwa nguvu. Mlango wa fundi kufuli unafungwa kwa kidole kimoja. Cheti sasa kinakaa kwenye kopo la biskuti, amri ya dada.

Sefu nililinunua tena kwa bei ya huruma, nikaliuza wiki iliyofuata kwa bei ya maana. Mteja aliniuliza kama ni imara. Nikamwambia ukweli mtupu: seremala wa miaka thelathini na moja alipambana nalo asubuhi nzima, halikumpa hata karatasi.