Kibonde Kinachomeza Ndama

Jana mjukuu wangu alikuwa jikoni anakaanga senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Hawahitaji mafuta wale, wanajikaanga kwa mafuta yao wenyewe, ukitia chumvi tu basi. Harufu ikanifuata mpaka uani, nikaacha maharage niliyokuwa napukuchua nikakaa nacheka peke yangu. Nilimkumbuka mama mdogo.

Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe, huku Kyerwa, mlimani kwenye majani. Mama mdogo, mke wa baba mdogo wangu, yeye alitoka Ihanda kwenye migomba na kahawa. Sasa kwetu enzi hizo bibi harusi, msimu wake wa kwanza wa senene, lazima awaokotee wazee wa nyumba. Kibuyu kijae. Asipoleta, ataitwa mvivu mpaka apate wajukuu. Na yeye mwenyewe kula haruhusiwi, mwanamke hakuwa anakula senene. Aokote, achambue, akaange, ameze mate.

Mawifi zake walishaanza. Mmoja alikuwa anasema, "Kwao wanakaa chini ya mgomba wanangoja senene waanguke kama ndizi mbivu." Mama mdogo anacheka nao, halafu akienda kisimani analia. Mimi nilimwona, maana nilikuwa namfuata kama mkia.

Mwaka huo mvua zilichelewa, na wanaume walikuwa wamechoma mlima ili majani mapya yaote ng'ombe wale. Tukaenda naye alfajiri, umande bado, wakati senene mabawa yamelowa hawaruki. Tukakuta panzi weusi titi, wanarukaruka kwenye majivu. Mama mdogo akashika mmoja akaniuliza, "Hawa wamejikaanga tayari?" Nikamwambia hao si senene, ni panzi wa pale palipoungua, wanageuka rangi ya ardhi yao. Mtoto wa kuchunga ndama anawajua wote. Kuna wa majani makavu, huwezi kumwona mpaka umkanyage. Kuna yule mwenye madoa mazuri kama kitenge, ukimshika anatoa povu linanuka siku nzima. Senene yeye anataka majani marefu, mabichi. Na hayo yalibaki ng'ambo ya kijito tu, kwenye pori la serikali, ambako kuna askari na nyati.

Mama mdogo alisimama anaangalia ng'ambo muda mrefu. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kesho atavuka.

Mimi mdomo wangu tangu zamani hauna mlango. Jioni, nikimkanda bibi, mama yake baba, miguu, nikamsimulia yote. Bibi alikuwa mama mkwe mkali, wake wa wanawe walikuwa wanapita nyuma ya nyumba wasimkute mlangoni. Aliniambia tu nikande na kisigino.

Asubuhi, giza halijaisha vizuri, akatuita wote wawili. "Leo ndama wapeleke kibondeni," akaniambia. "Na wewe mke wa mwanangu, nenda naye. Beba kibuyu, utachota maji."

Nilishangaa. Kibonde hicho bibi mwenyewe ndiye aliyetukataza. Kina tope linameza ndama, alikuwa anasema, alishawahi kuona ndama kazama mpaka masikio. Hakuna mchungaji aliyekuwa anapeleka ng'ombe kule, na pasipoliwa na ng'ombe nani ahangaike kupachoma? Nilikuwa nakanyaga kwa ncha za vidole, nangoja kumezwa.

Wenzangu, majani yalinifika kifuani. Na senene, wa kijani na wa kahawia, wamening'inia kwenye kila jani. Mama mdogo alianza kuokota kwa mikono miwili, akaimba kidogo, akasahau kuwa yeye ni bibi harusi. Kibuyu kikajaa, tukafunga wengine kwenye kanga. Mimi nikajisemea, tope mwaka huu limekauka.

Nyumbani bibi alifunua kibuyu, akachungulia. "Hawa miguu haikutolewa vizuri," akasema, akaenda zake. Mawifi wakajitia kufagia uani. Babu alikula mpaka akalegeza mkanda.

Mimi nilikuwa nimeshaolewa, napita pale kuchuma ukindu kiangazi na masika, ndipo akili ikanijia. Siku moja nilikanyaga kwa kisigino kwa nguvu. Ardhi ngumu kama uani kwangu. Tope halijawahi kuwepo, na hakuna ndama aliyezama. Bibi alitunga maneno akawafukuza wanaume na ng'ombe wao na viberiti vyao, miaka yote, ili majani yabaki. Na mama mdogo hakuambiwa neno. Alipelekwa tu, kama anaenda kuchota maji.

Bibi naye aliwahi kuja kwetu akiwa bibi harusi, hajui mlima. Nakaa najiuliza ni nani alimwambia abebe kibuyu.