Mwalimu Ruta na Sauti ya Mama Adolphine

Wewe unayejisifu kuimba vizuri, nani alikupa ruhusa ya kumnyamazisha mwenzako? Swali hili nilimrushia mtu ninayempenda, na jibu lake bado linaniuma.

Ruta ni mtu wa Bukoba. Alisomea uhandisi Wuhan, China, kisha akaja Columbus, Marekani, kwa shahada ya pili. Anapanga chumba karibu na chuo, nyumba moja na mimi, na kila Jumamosi tunakwenda Reynoldsburg, mji wa jirani, ambako anafundisha kwaya ya Wakongo. Wengi wao walikuja kama wakimbizi kutoka Kivu. Wanapakia maboksi ghalani, wanahudumia wazee, halafu wanafika mazoezini na usingizi machoni. Wanamwita Mwalimu.

Ufundishaji wake ameutoa China. Haandiki do-re-mi ubaoni. Anaandika namba, moja hadi saba, nukta juu kwa sauti ya juu, nukta chini kwa sauti ya chini. Huko, anasema, hata mtoto wa shule ya msingi anasoma wimbo hivyo. Alipenda kutusimulia mashindano ya kwaya chuoni kwake: kila darasa la mwaka wa kwanza lazima liimbe, wawe wanafunzi wa umeme au wa udaktari, na jioni uwanja mzima unajaa mistari ya watu wakifanya mazoezi. Nikisikia hivyo moyo wangu ulikuwa unawaka. Hiyo ndiyo elimu, nilisema, kila mtu anaimba.

Mwaka 2015, wakati wa kiangazi, tulialikwa Buffalo kuimba pamoja na kwaya ya huko na ya Louisville, zote za Wakongo. Jumamosi alasiri tulifanya mazoezi kanisani kwa wenyeji. Louisville waliimba kwanza, vizuri kiasi kwamba tukabaki tunatazamana. Zamu yetu ilipofika, sauti ya Mama Adolphine ikapanda juu ya zote na kwenda njia yake. Adolphine ni mjane wa Bukavu, anafanya usafi kwenye hoteli moja Gahanna, na huimba kwa mwili mzima. Watu wa Louisville wakaanza kucheka chinichini.

Ruta akasimamisha wimbo. "Mama Adolphine," alisema kwa upole, kwaya zote tatu zikisikia, "kesho fungua mdomo tu. Sauti uiache."

"Bon. Unataka nifungule kinywa, sauti isitoke?"

"Ndiyo, mama. Usimame palepale katikati. Unapendeza."

"Donc miye niko photo, Mwalimu?"

Chimène, anayesimama naye kwenye mstari, akamgusa kwa kiwiko. "Photo ya bei kali, mama. Tutakutia mu cadre, tukutundike ku ukuta."

Watu wakacheka. Adolphine naye akacheka, kisha akatazama viatu vyake. Tulipoanza tena, wimbo ulitoka safi. Niliona aibu, kwa sababu usafi ule ulinifurahisha.

Wakati wa chakula nilimfuata Ruta nje, kwenye maegesho ya magari.

"Kaka Ruta, unamwambiaje mtu mzima maneno yale? Tumekuja kumwimbia Mungu au kuuza sura?"

"Punguza moto, bwana mdogo. Ni njia ya kawaida."

"Ya wapi?"

"Wuhan." Akaigeuza sahani ya wali mkononi. "Mimi mwenyewe nilifanyiwa."

Ndipo akanisimulia kipande ambacho siku zote alikiruka. Mashindano yalipokaribia, kiongozi wa darasa alimwita mbele ya wenzake akamwambia sauti yake inaharibu. Lakini asimame mstari wa mbele, katikati, maana majaji wangempenda Mwafrika. Alivaa suti nyeupe ya kuazima na kufungua mdomo wimbo mzima bila kutoa sauti. Wakashinda, wenzake wakambeba juu juu. Mama yake, mwimbaji wa kwaya ya parokia, alipiga simu kuuliza kama aliimba sauti ya tatu au ya nne. Akamjibu: ya nne.

Baada ya hapo alijifungia kwenye vyumba vya piano vya chuo mpaka zile namba zikamwingia.

"Nimetumia maneno yaleyale," alisema. "Hata lile la kupendeza." Akajifunika uso kwa kiganja.

"Basi mwombe radhi."

"Mbele ya wale waliocheka?"

"Ulimwambia mbele yao."

Akarudi ndani na sahani yake.

Asubuhi iliyofuata, kwenye ibada ya Jumapili, Adolphine alikuja amevaa sare ya kwaya, kitenge cha buluu, akaketi benchi la pembeni kati ya wageni. Kwaya yetu ilipoitwa hakuinuka. Ruta akasimama mbele yetu, akainua mikono, nasi tukavuta pumzi. Akaishusha mikono. Akateremka hadi kwenye lile benchi, akachuchumaa. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mama, nimekukosea mbele ya watu. Njoo uimbe."

"Na sauti?"

"Na sauti."

"Ile yangu?"

"Ile yako, mama."

Adolphine alinyoosha kitenge chake magotini. "Hapana, Mwalimu. Leo nimechoka."

Akasogea kidogo, nafasi ikapatikana, na Ruta akaketi pale. Watu wa Louisville walikuwa wanageuza shingo. Tulisubiri mpaka Grâce, binti mmoja wa sauti ya pili, akauanzisha wimbo mwenyewe, juu mno, nasi tukamfuata tukihangaika. Ruta aliinamisha kichwa. Kando yake Adolphine alitazama mbele, kinywa amekifunga.