Simu za Mzee Sumari

Kijiwe cha bodaboda cha Maji ya Chai kina vijana arobaini na kitu, na wote, pamoja na ujeuri wao, wanamtegemea mzee mmoja mwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Huyo ndiye Sumari. Kila mwanachama hutoa mchango wa mwezi, na pikipiki ikimgomea popote kati ya mjini na Kikatiti, Sumari huenda kuibeba. Wapo wanaoukumbuka mchango siku tairi limepasuka. Hata hao Sumari huwafuata, kisha huwagombeza njia nzima kama watoto wake wa kuwazaa.

Kazi hiyo ina upande mwingine ambao haumo kwenye katiba ya chama. Mara nyingine pikipiki inabebwa na mwenyewe hayupo tena duniani. Alipofariki Oscar, mmoja wa vijana hao, viongozi wa kijiwe walitazamana nani apige simu nyumbani, na macho yote yakaishia kwa Sumari, kwa sababu ana umri na sauti yake ni ya upole. Kule mlimani kwao msiba hausemwi kwenye simu. Mtu huambiwa jambo dogo, watu wakafika, wakakaa, mwinjilisti akakohoa, ndipo jambo lenyewe likasemwa. Basi Sumari akamwambia Simaloi, mke wa Oscar, kwamba pikipiki imeharibika na wako njiani kuileta. Simaloi akabandika chai ya wageni. Ile chai Sumari anaikumbuka mpaka leo, na akiikumbuka hali chakula.

Baada ya Oscar walifuata wengine watatu, na kila mara maneno yalikuwa yale yale. Mimi siwezi kumwita mwongo. Alikuwa anawapa watu saa moja zaidi ya amani, na hakuwa na kingine cha kuwapa. Ila hakujua kwamba wake na mama za vijana wa kijiwe walikutana sokoni, wakaongea, na maana ya simu yake wakaijua.

Jumanne moja asubuhi aliitwa Nduruma. Pikipiki ya Daniel ilikuwa imenoki injini, haiwaki tena, katikati ya mashamba ya mahindi, na Daniel mwenyewe alikuwa mzima kabisa, amekasirika tu, mikono imejaa oili. Waliipandisha kwenye kirikuu.

"Mzee, simu yangu imezima chaji," Daniel alisema huku akifunga kamba. "Na mama ananisubiri nimpeleke kliniki ya presha. Atakuwa ameshavaa."

"Usijali, mwanangu. Nitampigia."

Akapiga, kama alivyozoea. Rachel, mama yake Daniel, alipokea mara moja.

"Mama Daniel, habari za asubuhi? Ni Sumari hapa. Pikipiki ya Daniel imeharibika huku Nduruma. Tunakuja nayo."

Rachel akasema polepole, "Sumari, kaka yangu, mwanangu yuko wapi?"

"Yupo. Pikipiki ndiyo imeharibika. Ni pikipiki tu."

"Ndivyo ulivyomwambia Simaloi."

Akasikia simu ikianguka, halafu ukelele. Ukelele ule Sumari alikuwa anaujua. Akamwita Daniel, akamtupia simu. Daniel alipiga mara sita, saba. Iliita tu. Wakaondoka na kamba haijakazwa vizuri, pikipiki ikigonga mabati nyuma, na Sumari, ambaye hajawahi kukimbiza gari maishani, siku hiyo alilikimbiza.

Walikuta uwanja wa nyumbani umejaa watu. Wanawake walikuwa wanalia wakimtaja Daniel kwa jina. Daniel akashuka, wakamwona, na kilio kikakatika ghafla. Hakuna aliyeshangilia. Walianza kutazama chini, mmoja baada ya mwingine, na Daniel akacheka kidogo kwa aibu, akasema, "Jamani, mimi nipo. Mama yuko wapi?"

Mzee wa kanisa akamshika bega. "Mama presha imempanda kidogo. Amelala ndani. Njoo kwanza ukae."

Daniel akashusha pumzi. Akaanza kutafuta maji ya kunawa, asimwendee mama na oili. Sumari, aliyeyatambua maneno yale, alimtazama akinawa kwa makini, kidole kwa kidole, akaona hawezi kumficha. Wazee walimpa ishara anyamaze. Hakunyamaza.

"Daniel, mwanangu, mama amefariki."

Kijana aliponyanyuka kwenye beseni hakulia, wala hakukimbilia ndani. Alimtazama Sumari usoni kama mtu anayeuliza njia.

"Mzee," akasema, "nilikuwa pale pembeni yako. Kwa nini hukunipa simu tangu mwanzo niongee naye mwenyewe?"